Mutu wa Kofia Kwenye Chupa

Siku ya mungu, tarehe 15 mwezi wa munane

Gentille mutoto yangu, jambo sana, na jambo tena, sababu hii ya kwanza itafika kwako imepoa. Miye mama yako Honorine niko muzima, ni goti tu ya kuume yenye inaanza kulia mbele mvua ianze. Fabrice ndugu yako anakusalimu, angali anafundisha ya tatu primaire na chaki inamumaliza vidole. Débora bibi yake anakusalimu, tumbo yake imeingia mwezi wa tano, anasema kama ni mwanamuke itakuwa jina yako. Aimé wao anakusalimu, amejua kusema "tantine" lakini anasemea kuku. Baba yako mukubwa Ambroise anakusalimu, yeye pamoja na kikohozi yake. Mama mukubwa Anastasie anakusalimu na anauliza kama kule munapataka sombe, majani ya mihogo. Kamate mwenye kuendesha kamio, yule wa mulango wa pili, anakusalimu. Orly wa salon ya kunyoa anakusalimu, anasema ile kichwa ya mwanaume ulimuchorea kwa ukuta ingali inamuletea watu. Padiri Michée anakusalimu. Kuku yako nyekundu hakusalimu, tulimukula Pasaka, unisamehe.

Baba yako Anaclet, siwezi kuandika kama anakusalimu, na siwezi kuandika kama hakusalimu. Namuachia mustari.

. . . . . . . . . . . . . . . .

Hii kaye ni Fabrice alinipa. Kila mara unapiga simu, miye nasema tuko bien, tuko bien, kisha simu inakatika na maneno yote yenye nilikuwa nayo inabaki inanikaa kwa shingo. Basi nitaandika. Padiri Michée atasafiri kuja Ulaya mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, ataibeba. Unajua nilifika ya ine primaire tu. Fasi nimekosea, soma na roho.

Siku ya pili, tarehe 17

Mvua. Maharagi haikutoka hata kikombe moja sokoni.

Siku ya posho, tarehe 21

Leo Fabrice alirudi na foto kwenye telefone: etikete yako, ile karatasi ya kubandika kwa chupa.

Alinieleza mara tatu mbele nielewe. Kwamba fasi uko, iko nyumba moja ya divai, divai nyekundu yenye wakubwa wanakunywaka na wengine wanaificha tu chini ya nyumba miaka na miaka bila kuigusa. Na kila mwaka ile nyumba inaita mupentre moja, mwenye kuchora, avalishe chupa, sawa vile siye wamama wa paruwasi tunachaguaka kitenge ya mwaka. Na zamu hii wakaita weye. Weye wa Bunia, mwenye ulikuwa unachora mikate na vichwa kwa kuta za watu. Débora akapiga kigelegele mpaka majirani wakafikiri amezaa mbele ya wakati.

Kisha nikaangalia. Telefone ya Fabrice imepasuka katikati, lakini niliona vilima. Niliona mutu amesimama, ametupa mugongo, kofia kichwani, fimbo imelala kwa mabega na mikono imetundikwa kwenye fimbo. Fabrice akasema polepole kwamba ni baba. Nikakaa chini.

Siku tulikimbia vita kwetu Bule, miye nilibeba shuka, sufuria na kikapo ya maharagi. Foto zote zilibaki kwa ukuta: ya ndoa yetu, ya batizo yako, na ile yenye baba yako alisimama na ngombe yake Malaika sawa vile ni yeye alimuzaa. Nyumba iliungua nazo. Yeye alitupandisha kwenye kamio, akasema anarudia ngombe, atatukuta kesho yake. Ni miaka mitatu. Kwa hii miaka mitatu, mutu akiniuliza bwana yangu anafananaka namna gani, nilikuwa na maneno tu: murefu kidogo, mweusi kidogo, kofia, fimbo. Maneno ya namna ile inafanana na kila mutu.

Sasa foto iko. Mutoto yangu, ulimutosha kwa kichwa yako ukamurudisha. Miye nilijua pale pale nitamufanyia nini.

Siku ya kwanza, tarehe 23

Nilikwenda na Fabrice kwa mutu wa fotokopi. Nilitaka atoshe baba yako kwa karatasi kubwa, Kamate azitawanye kwa barabara ya Mambasa mpaka Nia-Nia. Unakumbuka, mwaka jana dereva moja alisema aliona mutu wa upande wetu anapasua mbao Nia-Nia, mwenye kubeba fimbo kwa mabega. Tangu siku ile kamio ikipita naangalia magurudumu, kama iko na udongo nyekundu ya kule. Mutu wa fotokopi akasema foto ilikuja ndogo sana, akiikuza kichwa inakuwa sawa chungwa. Hakuna. Ulisema chupa yenyewe iko njiani. Nitangoja chupa.

Siku ya ine, tarehe 2 mwezi wa tisa

Mvua. Chupa iko Kampala, kwa masista, dada za wale walikusomesha.

Siku ya tano, tarehe 10

Mvua. Chupa iko Kampala. Kichwa ya Orly imepoteza sikio ya kushoto, maji inashuka pale kwa mabati. Orly anacheka, anasema sasa mutu wake hasikie kama bei imepanda.

Siku ya mungu, tarehe 19

Kisha misa tulipita kwa baba Ambroise. Anakohoa sawa mutu anapasua kuni mbichi. Alikuwa anauliza maneno ya Bule: mupaka wa shamba yetu ulikuwa kwa muti gani, kwa jiwe gani. Nilimujibu kidogo tu. Miaka mitatu hakuniuliza shamba, na sasa anauliza. Mama Anastasie alinipa ndizi za kurudi nazo, na miye nikaona hata ndizi ni za kunifunga mudomo. Mungu anirehemu, lakini niliona vile.

Siku ya tano, tarehe 24

Nilipikia watu wakubwa wane, tukakula watatu. Nimezoea kukosea vile.

Siku ya posho, tarehe 2 mwezi wa kumi

Chupa imefika. Lakini haikufika kwangu.

Sista mwenye alitoka na ndege alishusha karatoni, na juu yake weye mwenyewe, na mukono yako muzuri, uliandika: *Kwa baba mukubwa Ambroise.* Naelewa, mutoto yangu. Masista walikufundisha zawadi inaanzia kwa mukubwa. Ni adabu. Lakini ulitoka Bule ungali na miaka kumi, na hakuna mwenye alikuambia chupa ni kitu gani kwa ukoo wa baba yako. Miye ningekuambia. Sikujua kama itafaa siku moja.

Nikuambie sasa, hata kama nimechelewa. Kwa ukoo wao, mutu akipotea na maiti haionekane, hakuna mwenye anafungua kilio ovyo. Ni mutoto wake wa kwanza analeta chupa kwa mukubwa wa ukoo. Haseme neno, analeta tu. Mukubwa akiipokea na mikono mbili, kilio kimefunguliwa. Wanachagua siku, wanaikunywa kwa zunguko, na kidogo ya mwisho wanamupa bibi. Bibi anaimwanga inchi. Ikiingia kwa udongo, mulango umefungwa. Yule mutu ni marehemu, na hakuna mwenye anamutafuta tena, hata bibi yake. Mbele walitumia pombe ya nguvu ya kwetu. Haiandikwe popote ni pombe gani.

Na mutoto wa kwanza ni weye.

Tulipofika kwa baba Ambroise, miye na Fabrice, chupa ilisha kusimama kwa meza, kitambaa nyeupe chini yake, foto ya Moyo Mutakatifu nyuma yake. Ile divai ni nyeusi ndani ya kioo, sawa damu ya kuku yenye imekaa. Na baba yako juu yake na mugongo wake. Nilimuona vizuri, Gentille. Ile namna bega moja inashuka kuliko ingine. Chini ya miguu yake wameandika namba kubwa: 2018. Mama Anastasie aliigusa na kidole, akasema polepole kwamba hata mwaka mutoto aliweka, sawa kwa musalaba wa kaburi.

Baba Ambroise alikuwa amevaa suruali ya misa. Aliniambia:

— Mama Gentille, mutoto amesema.

Nikajibu kama mutoto hakusema kitu, mutoto ameleta zawadi ya kazi yake.

— Ndivyo inasemwaka. Nimeipokea na mikono mbili.

Nikamuomba anipe chupa, siku mbili tu, nitoshe foto. Akasema chupa ya kilio haitembee. Fabrice alisema, nikasema, Anastasie akaanza kulia. Yeye akakohoa mpaka mwisho wa kikohozi na akachagua siku: posho ya mwisho ya mwezi, tarehe 30.

Nilitoka bila kuaga. Kwa njia nilimuambia Fabrice neno moja mubaya, na naliandika hapa sababu nilisha kulisema: yule muzee anataka mashamba. Anaclet akiwa marehemu, mashamba ya Bule inarudi kwa mukubwa wake. Fabrice alitembea mbele. Mvua ikatukuta kwa daraja.

Siku ya pili, tarehe 5

Nilimupeleka padiri Michée kwa baba Ambroise, sababu yeye aliishi Ulaya. Aliangalia chupa sawa mutu anaangalia mufalme ndani ya jikoni. Akaeleza vizuri. 2018 ni mwaka wa kuvuna ile zabibu, kila divai kubwa inabeba mwaka wake, haiko mwaka wa lufu. Na chupa ya namna hii inalalaka, haisimame, na haitake joto ya mabati. Baba Ambroise alimusikiliza na heshima yote. Kisha akasema padiri amesema kweli kabisa ya kule chupa ilitoka, na yeye atasema ya hapa ilifika. Chupa ikabaki imesimama.

Kwa kurudi nilikuwa nawaza ile mwaka. Kumbe wakati wale wanakata zabibu yao, polepole, na kikapo mukononi, siye tuliacha maharagi imekauka kwa shamba, hata haikungolewa.

Siku ya tatu, tarehe 6

Mama Anastasie alikuja peke yake, kanga juu ya kichwa. Akasema kesho asubui baba Ambroise anakwenda hospitali, hatakuwa kwa nyumba. Alikunywa maji akaenda. Ile ndizi, nilimuhukumu bure.

Siku ya ine, tarehe 7

Fabrice alipiga foto ya etikete, mbele ya dirisha, Anastasie ameshika chupa na mikono mbili na kuangalia njia. Hatukuitosha kwa nyumba, basi haikutembea. Kwa fotokopi tulitosha karatasi kumi na mbili. Rangi haiko: vilima vyako vyekundu vimekuwa vyeusi. Lakini kofia iko, fimbo iko, bega yenye kushuka iko. Chini Fabrice aliandika numero yake na neno moja: ANATAFUTWA NA JAMAA. Nilitaka aandike jina. Akakataa, akasema kwa hii wakati kuna bariere za wenye bunduki, fasi jina ya mutu inaweza kumuletea lufu. Mwenye kumujua atamujua kwa macho.

Siku ya posho, tarehe 9

Kamate ameenda na kamio ya sabuni na chumvi. Karatasi ziko ndani ya shati yake, kwa ngozi, mvua isizifikie. Aliniambia nisingoje mbele ya siku kumi. Naanza kungoja.

Siku ya pili, tarehe 12

Mvua.

Siku ya tatu, tarehe 13

Mvua. Débora anavimba miguu.

Siku ya tano, tarehe 15

Barabara imekatika kisha kupita Komanda, kamio makumi inne iko kwa matope, wanasema. Wengine wanasema haiko matope, ni watu wa bunduki. Naomba iwe matope.

Siku ya mungu, tarehe 17

Ulipiga simu. Uliniuliza kama baba mukubwa alifurahia chupa. Nikasema alifurahia, aliivalia suruali ya misa. Ukacheka sana. Nikasema tuko bien. Unisamehe ile siku.

Siku ya tano, tarehe 22

Kichwa ya Orly imepoteza jicho. Mvua.

Siku ya pili, tarehe 26

Kamate amerudi. Matope ilimufika mpaka kwa kope. Hakutaka kukaa, nikamukalisha, nikamupa chai. Alitosha karatasi kwa shati. Kwa zile kumi na mbili zilibaki tano. Mutu mwenye anarudi na habari njema anaianzia kwa mulango. Yeye alianzia kwa chumvi, ginsi ililowana.

Kisha akasema, na nitaandika vile alisema.

Mambasa, alibandika karatasi kwa duka ya mafuta. Mama moja mwenye kuuza mihogo akaingoa, akaita watoto wake watatu, akawaambia: kuja muone baba yenu. Alimuita Gérard. Kamate akamuambia huyu ni mutu wa Bule. Yule mama akasema apana, huyu ni bwana yangu, angalia ginsi anasimama. Akakataa kurudisha karatasi.

Mbele kidogo, kijana mwanamuke akasema ni baba yake Kambale, mwenye alienda kwa mashimo ya zahabu. Nia-Nia, muzee moja ya kupasua mbao akashika karatasi kwa jua, akaigeuza, sawa vile uso iko upande ya nyuma. Akasema ni mutoto wake wa pili. Watu sita, Gentille. Watu sita walimujua pale pale, bila kufikiri, na kila mutu alimuita jina yake. Jina moja sitaiandika. Ni ya kwa wale wenye tulikimbia. Mama mwenye alimuita vile naye alilia, naye anatafuta mutoto wake.

Nilimuuliza Kamate ile ya mutu wa mbao mwenye fimbo kwa mabega. Akaangalia chini ya kikombe. Akasema:

— Mama, Nia-Nia kila mutu anabebaka fimbo vile.

Alipoenda nilichukua karatasi moja ya zile tano, nikakaa nayo kwa jikoni. Niliangalia bega yenye kushuka. Je, ya baba yako ilishukaka kweli? Ao niliiona inashuka sababu Fabrice alisha kuniambia ni baba? Kama Fabrice hakusema ile neno, siku ile ya kwanza, miye bibi yake wa miaka makumi tatu, ningemujua? Ao ningesema tu, muone ule mutu, mutoto yangu amechora muzuri?

Sikupika. Débora alipika.

Siku ya tatu, tarehe 27

Mvua. Sikutoka.

Siku ya ine, tarehe 28

Nilienda kwa baba Ambroise. Nilitaka kugombana, nilisha kupanga maneno. Nilimukuta anakaa mbele ya chupa, mikono kwa magoti, haiguse. Nikamuambia tu ya Kamate, ile majina sita, moja moja. Hata ile yenye sikuandika. Hiyo niliisema chini ya sauti, nikifikiri atakasirika. Hakukasirika. Akasema mama wa yule pia alimuzaa na uchungu.

Kisha akasema:

— Miye siku ya kwanza niliona kofia tu. Kofia yenye inauzwaka kwa kila soko.

— Na ukaipokea na mikono mbili, muzee.

— Niliipokea. Munganga alinionyesha mapafu yangu kwa ile karatasi nyeusi. Kwetu mudogo analiliwa na mukubwa wake. Nikimutangulia, Anaclet atakuwa mutu mwenye hakuliliwa. Hata Fabrice hawezi kumufungulia. Hata mutoto ya Fabrice. Nataka kumulia ningali na pumzi ya kulia.

Akapumua kidogo, akaongeza:

— Ile mupaka ya shamba nilikuuliza, Fabrice aliiandika. Iko kwa jina yako.

Basi alijua neno langu mubaya. Alilijua tangu daraja, kwa mudomo wa Fabrice, na Anastasie aliendelea kunipa ndizi. Nilitafuta fasi ya kuweka uso. Nikachukua kikombe yake nikaenda kuiosha, na haikuwa chafu.

Siku ya posho, tarehe 30

Tulimulia baba yako leo. Ao tulilia mutu wa kofia. Sijui.

Walikuja watu wa ukoo makumi mbili hivi, wenye wako Bunia, wengine walitoka kwa mahema ya wakimbizi. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka sala haikusikika. Halafu chupa ikashindwa kufunguka. Kizibo ni ya muti, imeingia yote ndani, na hapa hakuna ile chuma ya kungolea kizibo, yenye padiri alisema. Wanaume watatu waliitolea jasho. Mwisho Fabrice akaisukuma na mukono wa mwiko, ikazama, na divai ikaruka kwa kitambaa nyeupe.

Wakakunywa kwa zunguko. Mutoto yangu, usikasirike, na usiambie wale wakubwa wa kule: hakuna mwenye aliipenda. Walingojea utamu ya divai ya misa. Ni kali, inashika ulimi sawa ndizi mbichi. Mama Anastasie alileta sukari. Shangazi Emerance, yule wa meno mbili, alimeza, akafikiri, akasema kama hii ndiyo wakubwa wanakunywaka, basi nao wako na huzuni zao. Watu wakacheka ndani ya kilio, unajua vile inakuwaka, kicheko yenye inafungua machozi.

Pale baba Ambroise akalia. Sikumuona kulia tangu niolewe na ndugu yake. Alimuita Anaclet na jina ya utoto, yenye miye sikuijua. Kilio na kikohozi vilikuwa vinagombania pumzi moja. Alilia mpaka mwisho, na kisha uso yake ikapumzika. Nilifurahi kwa ajili yake. Naandika hii na roho nyeupe.

Kisha akanipa chupa. Ilibaki urefu wa kidole. Watu wote wakaangalia mukono wangu. Nilisimama kwa mulango, udongo ulilowana tayari, ulikuwa unangoja tu. Na baba yako alinipa mugongo, chini ya kidole changu.

Nikashindwa. Haiko ukaidi, Gentille. Nilitaka kumwanga, nilisha kuinamisha shingo ya chupa. Lakini nikaona: huyu mutu, miye simujui, na wale sita hawamujui, na mukubwa wake hamujui. Mutu moja tu kwa dunia ndiye anajua ni nani yule, sababu ndiye alimuweka pale. Nikasimamisha chupa. Nikamuambia baba Ambroise mbele ya wote kwamba mwenye alileta chupa aulizwe mbele.

Wazee wakanungunika. Mutoto haseme, ndiyo desturi. Baba Ambroise alipanguza macho, akangoja wanyamaze.

— Desturi haikujua mutoto atakuwa mbali vile. Aulizwe. Miye nilisha kumulia, yangu imeisha. Iliyobaki ni ya bibi yake.

Nilirudi na chupa kwa nyumba, chini ya kanga. Kizibo ingali inaelea ndani, basi nimeiziba na kigunzi ya muhindi na kitambaa.

Siku ya tatu, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Padiri Michée anaenda kesho asubui. Atakufikia mbele ya siku ya mungu. Fabrice alitaka kukupigia simu tangu posho, nikamukataza. Kwa simu nitasema tuko bien. Nilitaka usome yote, mbele ujibu.

Orly alikuja kuniuliza kama anaweza kuita mupentre mwingine. Ile kichwa imebaki nywele na shingo, katikati ni saruji tu. Nikamuambia angoje, mwenyewe atarudi kuitengeneza. Akasema sawa mama, lakini watu wameanza kupita bila kuingia.

Leo asubui jua ilitoka kidogo. Niliweka chupa kwa dirisha na nikaangalia tena. Naomba unisikilize vizuri, sababu kichwa yangu haiko ya masomo na nimeliwaza hili siku ine. Yule mutu anatupa mugongo, mbele yake ni vilima. Kama ulimuchora umesimama Bunia, basi vilima vile ni vya Bule, na yeye anaenda kwa ngombe zake, na nilisha kumuona mara ya mwisho. Nitamwanga. Nitaenda nyuma ya nyumba na mama Anastasie, bila watu, na nitamwanga. Lakini kama ulimuchora umesimama kule Bule, mahali nyumba ilikuwa, basi mbele yake ni Bunia, fimbo kwa mabega, na anakuja kwetu. Rangi ni moja, mugongo ni moja. Nimeangalia kivuli, nimeangalia majani. Haiko kwa etikete. Iko kwako tu.

Sikuombi useme yenye itanifurahisha. Uliniambia uongo mara moja tu, ya ile sahani ulivunja ungali mudogo, na nilijua.

Ile mustari nilimuachia baba yako kwa mwanzo ya kaye, ingali wazi. Sijui kama nitaiandika ao nitaipiga musalaba.

Watu wote wenye nilitaja wanakusalimu tena, na baba Ambroise zaidi. Tangu posho anakohoa kidogo, ao ni miye nasikia kidogo. Piga kwa telefone ya Fabrice siku ile ile padiri atakupa hii kaye, usingoje kesho yake, hata kama mvua inakata sauti, rudia mpaka nisikie. Padiri anasema divai yenye imefunguliwa haingoje mutu. Asubui hii nilinusa, na imeanza kuwa siki.

Niambie mbio, mutoto yangu: ulisimama wapi?

Mama yako, Honorine